Meno ya Mama Kwenye Rafu

Chumba kile kilikuwa stoo tangu siku walipohamia. Humo mlikaa feni iliyovunjika shingo, mabegi ya nguo za binti yao ambaye sasa alikuwa chuoni, na ngazi ambayo hakuna aliyekumbuka iliazimwa kwa nani. Mikutano ya kikazi ilipohamia mtandaoni, mama mwenye nyumba alikifagia, akakipaka rangi nyeupe, akasogeza meza dirishani, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo ile ni ofisi na mtu asiingie na kikombe cha chai bila kubisha hodi.

Kazi yake ilikuwa ukalimani. Mtu akisema Kifaransa, yeye alikitoa kwa Kiswahili kabla mwenyewe hajamaliza sentensi. Miaka kumi na minane aliifanya kazi hiyo ndani ya vibanda vya vioo, nyuma ya kumbi za mikutano, na kila mkutano ulimwachia kitambulisho chenye utepe wa kuvaa shingoni. Hakutupa hata kimoja. Alipopata ofisi yake, alivitundika vyote kwenye msumari mmoja, vikaning'inia kama mkungu.

Pembeni ya vitambulisho akaweka michoro yake. Wakalimani hufanya kazi wawili wawili, mmoja akisema mwingine anapumzika. Wenzake walipumzika kwa kuchezea simu. Yeye alitoa penseli akachora wajumbe waliosinzia. Alikuwa nao wa kila aina: aliyelala mdomo wazi, aliyelala akiwa ameshika shavu kama mwenye mawazo mazito, na mheshimiwa mmoja aliyelala akiwa anasikiliza hotuba yake mwenyewe ikisomwa na msaidizi. Minne bora aliitia kwenye fremu. Nyuma ya kiti chake palipendeza, naye alijua kuwa panapendeza.

Kisha akaja Fundi.

Fundi ndiye mumewe. Alitengeneza meno bandia kwenye kliniki, na watu wote walimwita hivyo, mkewe akiwamo. Kliniki ilinunua mashine mpya kubwa kama kabati, na ilipoingia, meza ya Fundi ilibidi itoke. Wakakubaliana siku tatu kwa wiki afanyie nyumbani ile kazi ya kupanga meno kwenye nta. Akaingia ofisini na taa yake, vijisu vyake, na kasha la viatu alilolibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Mkewe aliporudi kutoka sokoni, alikuta rafu iliyo nyuma ya kiti chake imejaa meno. Meno ya plasta, ya juu na ya chini, jozi kumi na tatu, yamepangwa mstari yakimtazama.

"Fundi," alisema taratibu, "hiki ni nini?"

"Kumbukumbu."

"Kumbukumbu si huwa ziko kwenye albamu?"

"Wewe una wajumbe wako waliolala. Mimi nina ukoo wangu."

Kweli ulikuwa ukoo. Tangu akiwa mwanafunzi, Fundi hakuona ndugu bila kumwambia afungue mdomo. Kulikuwa na meno yake mwenyewe ya ujana. Kulikuwa na ya binti yao akiwa na miaka saba, mbele pana pengo la kupitisha kidole. Kulikuwa na ya mjomba aliyebakiwa na manne tu lakini alisisitiza na yeye awekwe. Ya mkewe yalikuwapo pia, yalichukuliwa wiki moja kabla ya posa, na mpaka leo mwanamke huyo hakujua kama siku ile alikuwa anapendwa au anapimwa. Na mwishoni kabisa mwa rafu yalikaa meno ya mwanamke ambayo jino moja la mbele lilikuwa limempanda mwenzake begani. Chini yake paliandikwa kwa penseli: *Mama*.

Mama huyo, mzazi wa Fundi, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Mke wa Fundi alipoyageuza na kuona lile neno, maneno makali yakamwishia. Akayaacha meno pale.

Aliyaacha kwa siku tisa.

Siku ya kumi palikuwa na mkutano wa wataalamu wa maji. Kwa kawaida mkalimani haonekani, husikika sauti tu. Lakini asubuhi hiyo mitambo ilijaribiwa, akaambiwa awashe kamera, kisha hakuna aliyemkumbusha kuizima. Saa nzima alikaa pale uso wake ukiwa mkubwa kwenye ukuta wa ukumbi wa watu, na nyuma yake jozi kumi na tatu za meno. Mwenyekiti, mtu mstaarabu sana, alivumilia mpaka akashindwa. Akasema jambo kwa Kifaransa, na mkalimani, kwa kuwa kazi ni kazi, akajisikia akitamka kwa Kiswahili fasaha:

"Kabla hatujaendelea, ningependa kumuuliza mkalimani wetu: hayo meno nyuma yake ni ya nani?"

Sekunde tatu zikapita kabla hajaelewa alichokisema. Akajibu kwa Kifaransa, halafu, kwa faida ya waliokuwa wakisikiliza kwa Kiswahili, akajitafsiri mwenyewe:

"Mkalimani anasema ni ya mume wake."

Mwenyekiti akajishika taya.

"Mkalimani anafafanua kwamba hakuyang'oa mdomoni mwa mume wake."

Mkutano ulipoteza robo saa. Mhandisi mmoja wa mabomba aliuliza kama Fundi anapokea wagonjwa wa mbali, maana gego lake lilikuwa linamsumbua.

Jioni hiyo meno yalirudi kwenye kasha, kasha likaingia chini ya meza. Fundi hakubisha, ila alinuna. Alinuna kwa adabu: anakula, anajibu salamu, anaosha vyombo zamu yake ikifika, lakini hapigi mluzi. Nyumba isiyo na mluzi wa Fundi ilikuwa kama redio iliyokatika waya.

Wakiwa katika hali hiyo, baba mkwe, baba yake Fundi, akafika.

Mzee alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, mwembamba, wa kunyoosha vitu. Hakuweza kupita karibu na picha iliyoinama bila kuisimamisha. Miaka miwili ya mwisho alikuwa ameacha, si kwa kupenda, bali kwa sababu hakuziona tena. Alikuwa na mtoto wa jicho. Akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na daktari akataka akae karibu na hospitali kwa wiki mbili, kwa hiyo akakaa kwa mwanawe.

Bandeji ilipotolewa, nyumba nzima iligeuka maonyesho.

"Kumbe mlango wenu ni wa kijani!"

"Umekuwa wa kijani tangu tuhamie, baba."

"Mimi nilikuwa najua ni wa kahawia. Nikawa nasema moyoni, hawa watoto hawana chaguo." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe umezeeka. Hukuniambia."

Asubuhi moja mkalimani alikuwa mezani akipitia orodha ya istilahi za mkutano wa kesho, na mzee akabisha hodi na kikombe cha chai. Akakaribishwa. Alizunguka chumba polepole na jicho lake jipya. Akasoma vitambulisho kimoja kimoja. Akacheka mbele ya mheshimiwa aliyelala, akamnyoosha kidogo. Kisha akajikwaa kwenye kasha la viatu lililokuwa limechungulia chini ya meza, kifuniko kikatoka.

"Ah, hizo takataka za Fundi..." mkalimani akaanza, akasita, akajirekebisha. "Hizo kumbukumbu za Fundi, baba. Ngoja niziondoe."

Lakini mzee alikwisha kaa sakafuni, chai pembeni, anatoa jozi moja baada ya nyingine na kuzigeuzageuza kwenye mwanga. Alimtambua mjomba wa meno manne, akaguna. Akamtambua mjukuu, akatabasamu. Halafu akatoa ile jozi yenye jino lililopanda, na mkono wake ukasimama.

Hakugeuza chini kusoma. Hakuhitaji.

"Haya meno nayajua," alisema.

Mkalimani akaweka orodha chini.

"Ni ya mama, baba."

"Najua ni ya nani. Nauliza yametoka wapi." Sauti ilikuwa imepanda kidogo. "Mwanamke huyu hakumfungulia mtu mdomo. Hata siku ya harusi yetu mpiga picha alibembeleza mpaka akachoka. Nina picha zake hamsini nyumbani, na zote kaweka kiganja mdomoni kama anayepiga miayo."

Fundi aliitwa. Alifika na nta vidoleni, akaona kilichokuwa mkononi mwa baba yake, akakaa naye sakafuni.

"Nilikuwa na mtihani wa mwisho," alisema. "Tulitakiwa tulete chapa ya meno yaliyopandana. Nilizunguka bweni zima, watu wote meno yao yamenyooka kama askari. Nikaja nyumbani nimekata tamaa. Mama akaniuliza nina nini, nikamwambia. Akasema, funga mlango, na baba yako asijue."

"Asijue! Kwa nini nisijue?"

"Alisema utamcheka ukimkuta kajaza mdomoni ule ute wa rangi ya waridi wa kuchukulia chapa."

Mzee akalitazama lile jino. "Kweli ningecheka," akakubali. Kisha akaongeza: "Miaka yote hii wewe una kicheko cha mke wangu kwenye kasha la viatu, mimi nakesha nakitafuta kwenye picha."

Hapo mkalimani ndipo alipoona aibu, maana kasha lile lilitiwa chini ya meza na yeye. Akajifanya anapanga karatasi. Mzee akamtazama, akatazama wajumbe ukutani, akamtazama tena.

"Mwanangu, hawa umewachora wewe?"

"Mimi, baba."

"Waliolala unawaweza. Anayecheka je?"

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Mzee alikuwa na picha moja kwenye pochi yake: mkewe akiwa na miaka hamsini hivi, ameketi, macho yanameta, na nusu ya chini ya uso imefunikwa na kiganja. Mkalimani aliiweka picha hiyo mezani, akaweka meno ya plasta pembeni yake, akachonga penseli, akajiambia kwamba ni jambo la asubuhi moja.

Lilichukua siku sita.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa mwanamke mzuri sana. Mzee aliutazama kwa heshima.

"Huyu ni nani?"

"Mama."

"Huyu hata si jirani yake."

Wa pili ulikuwa na macho ya mama na meno ya mama, lakini baina ya macho na meno hapakuwa na maelewano yoyote. Fundi aliingilia kwa utaalamu. Akamfundisha mkewe jinsi mdomo wa juu unavyoinuka ukikuta jino limetokeza, na kwamba jino lenyewe limegeuka kama mlango ulioachwa wazi kidogo, halikusimama tu. Mzee naye akatoa rula. Ndiyo, rula. Alipima umbali kutoka pua mpaka mdomo kwenye picha, akakokotoa, akatangaza kwamba kwenye mchoro mama ameongezewa milimita tatu.

"Baba, uso si kiwanja."

"Kila kitu ni kiwanja, mwanangu. Watu tu hawapendi kupimwa."

Katikati ya mabishano hayo, Fundi alianza kupiga mluzi tena. Mkewe aliusikia ukitoka jikoni, akaogopa kuukata.

Siku ya nne wifi akapiga simu. Huyu ni dada yake Fundi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alizungumza na watu wazima kwa sauti ileile ya paredi ya asubuhi. Mzee alikuwa amemsimulia kwa furaha, na furaha hiyo haikufika upande wa pili.

"Wifi, nasikia unamchora mama na meno nje."

"Ni baba aliyeomba, wifi."

"Mama alificha meno yake maisha yake yote. Unajua kwa nini? Shuleni walimwita Ngazi, eti meno yake yanapandana. Mtoto wa miaka minane, wanamwita Ngazi mpaka aliacha kusoma kwa sauti darasani. Yeye hakutaka yaonekane. Sasa amekufa, hawezi kukataa, ninyi mnayatundika ukutani kila mgeni ayaone?"

Mkalimani aliweka penseli chini. Kazi yake miaka yote ilikuwa kusema yale ambayo mwenyewe angetaka yasemwe, bila kuongeza wala kupunguza, na hapa mwenyewe hakuwapo wa kuulizwa. Alipokata simu aliyarudisha maneno yale kwa mzee kama yalivyo, pamoja na lile jina la shuleni.

Mzee hakuwa amelijua jina hilo. Akachukua picha ya kwenye pochi, akairudisha.

"Binti yangu ana haki," alisema mwishoni. "Lakini mama yake hakunificha mimi. Aliwaficha wapiga picha, wageni, wakwe. Tukiwa wawili alikuwa anacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Mwanangu, malizia. Sitamweka sebuleni. Nitamweka kwenye chumba changu cha kazi, juu ya meza ya ramani, ambako alikuwa anaingia kunicheka. Anayetaka kumwona, kwanza aniombe mimi."

Ilibaki shida moja. Mchoro bado haukuwa unacheka. Mdomo ulikuwa wazi, meno yalikuwa sahihi kwa kila kipimo cha fundi na cha mpima ardhi, na mwanamke bado alionekana kama yuko kwenye kiti cha kliniki.

"Nisimulie alivyocheka," mkalimani alimwambia. "Siku moja tu. Usimwelezee uso. Nipe tukio."

Mzee akafikiri, na pembe za mdomo wake zikaanza kucheza.

"Siku ya kuagwa kazini. Nilikuwa nimeandika hotuba, kurasa mbili, nimeitia mfukoni. Nikapanda jukwaani. Mkurugenzi yupo, waandishi wapo. Nikavaa miwani, nikakunjua karatasi, nikasema, Ndugu mgeni rasmi." Akainua mkono kama aliyeshika karatasi. "Vitunguu kilo mbili."

Fundi, aliyekuwa mlangoni, akaachia kijisu chake.

"Na kwa nini sikuishia hapo? Mpaka leo sijui. Mdomo ulikuwa umeshika kasi. Nikasema, Vitunguu kilo mbili, sabuni ya mche, viberiti. Watu wakapiga makofi! Walidhani ni mafumbo! Nikatazama mstari wa mbele, na mama yenu alikuwa ameanguka begani kwa mke wa mkurugenzi, mikono yote miwili iko magotini, anacheka meno yote nje, mbele ya halaiki. Siku hiyo alisahau kabisa."

Mzee mwenyewe alikuwa hawezi kuendelea. Na Fundi alikuwa ameegemea fremu ya mlango, anacheka kwa kuishiwa pumzi, na mkewe alipomtazama, penseli mkononi, aliona kitu alichokuwa anakiona kila siku kwa miaka ishirini na mbili bila kukiona. Jicho la kushoto la Fundi lilifumba kwanza. La kulia lilibaki wazi kidogo, kama linaomba radhi. Shavu lilipanda upande mmoja, na kichwa kikaangukia huko, kama cha mama yake siku ile ya vitunguu.

"Usisogee," alisema.

"Siwezi kutosogea, nakufa."

"Basi kufa polepole."

Akachora haraka, bila rula. Alipomaliza, aligeuza karatasi kwa mzee, moyo unamdunda kuliko siku yake ya kwanza kibandani. Mzee akasogeza uso karibu, akafumba jicho la zamani, akatazama kwa jipya peke yake. Alitazama kwa muda mrefu. Hakuomba rula.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Umefika, mama."

Daktari alimruhusu wiki iliyofuata. Aliondoka na mchoro umefungwa kwenye kadibodi mbili. Meno aliyaacha. Fundi alimlazimisha ayachukue, mzee akakataa katakata. "Hayo alikupa wewe, tena kwa siri. Mimi nisingepata." Kisha akamwambia mkwewe kwamba rafu ile imelala upande wa kushoto, na kwamba yeye akiwa na kazi ya heshima hivyo hawezi kukaa mbele ya rafu iliyolala. Wakainyoosha wote watatu, na ikaonekana ajabu kuiacha tupu baada ya kazi yote ile. Meno yakarudi. Mkalimani alibandika kipande cha plasta ya kidonda juu ya kamera, akakitoa pale tu alipotaka mwenyewe. Na mhandisi wa mabomba, kwenye mkutano uliofuata, alisikitika wazi kwamba haoni kitu.

Miezi miwili ikapita. Siku moja, katikati ya mchana, simu ikaita. Alikuwa wifi.

"Niko kwa baba," alisema. Sauti ya paredi haikuwapo. "Nimemwomba, akanifungulia chumba. Nimekaa humo saa nzima."

Mkalimani akaisogeza simu sikioni.

"Umempata. Sikutaka umpate, lakini umempata. Baba ananiambia eti anamsalimia kila asubuhi kabla hajafungua ramani." Akapenga kamasi. "Ila wifi, huyu ni mke wa baba. Mimi sikumjua sana huyu. Mama yangu mimi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, ananiuliza saa hizi natoka wapi. Yule unamweza?"

"Alikuwa anakunja uso vipi?"

"Ngoja nikuonyeshe," alisema wifi. "Washa hiyo kamera."